Nataka kuanza kuchora vifaa vyangu kwa kompyuta, nimekwama kwenye mstatili wa kwanza tu

mchoraji_usiku

Wakuu habari za humu. Mimi sio injinia, ni mtu wa kupenda tu kutengeneza tengeneza vitu, na miaka yote nimeishi kwa penseli na karatasi ya mraba mraba. Sasa hivi nina kimashine nataka nikiunde, cha kuzungushia waya wa koili. Mota ni stepa (inayozunguka hatua kwa hatua) ya saizi ya NEMA 17, inashika fimbo ya chuma ya milimita 8, fimbo inakaa kwenye beringi mbili za 608, waya unajizungusha katikati. Kwenye karatasi kiko safi kabisa. Nikamwendea jamaa yangu mwenye printa ya 3D, akasema nitumie faili, mi nikampigia picha ile karatasi nikamtumia. Mpaka leo anacheka.

Basi nikapakua programu ya kuchorea ya FreeCAD maana ni ya bure. Kufungua nikakuta vitufe kila kona. Nikachora mstatili, nikavuta kona moja niurefushe, umbo zima likanikimbia. Nikaandika upana 60, mstari ukahamia upande wa pili wa skrini. Nikasema ngoja niubane, nikaweka vipimo kila sehemu, ikaniwakia ikasema vipimo vinagongana. Nikafunga laptopu nikalala.

Sa naomba msaada wenu, je nilitakiwa nianze na 2D kwanza au niende tu 3D moja kwa moja? Na hiyo programu ndo sahihi au nimejichagulia ngumu? Laptopu yenyewe ya zamani, RAM 4GB. Msinicheke na nyie tafadhali.

---

Beringi608

Mkuu hujakosea programu, umekosea kitu kimoja tu ambacho karibu wote tulikikosea. Unachora kama uko kwenye karatasi. Kwenye karatasi ukipiga mstari wa sentimita 6 umeshamaliza, uko pale na hauendi kokote. Kwenye hizi programu za parametriki mstari unaouchora mwanzo ni kama rasimu tu, programu haijali umeuchora wapi, inasubiri uiambie masharti. Huu umelala, ule umesimama, hii pointi imegusana na ile, duara hili lina ukubwa sawa na lile. Mpaka umalize kuiambia, kila kitu kinaelea na ukigusa kinakimbia, ndo hicho kilichokupata.

Chukua huo huo mstatili wako. Kitufe cha mstatili chenyewe tayari kinaiambia programu mistari miwili imelala na miwili imesimama. Kinachobaki ni vitu vinne tu ambavyo haijui, upana, urefu, na uko umbali gani kutoka sifuri kwa kulala na kwa kusimama. Vinne, sio vitano. Ukiweka cha tano kinachorudia kitu ambacho inakijua tayari, mfano umepima upande wa juu 60 alafu na wa chini nao 60, ndo inakuwakia, maana wa chini hauna namna ya kuwa tofauti na wa juu. FreeCAD inakuhesabia pembeni imebakiza mangapi, na ikifika sifuri mistari inageuka kijani. Kuanzia leo sheria yako iwe hiyo, usitoke kwenye skechi (huo mchoro bapa wa mwanzo) kabla haijawa kijani yote. Kwa wanaotumia Fusion au Onshape ni mistari ya bluu inageuka myeusi, akili ni ile ile.

Alafu kabla hujaweka hata kipimo kimoja, weka mchoro wako katikati ya sifuri. Kuna sharti la ulinganifu, unachagua kona mbili zinazotazamana kwa mshazari na ile pointi ya sifuri, linakula mawili kwa mpigo. Unabaki na upana na urefu tu. Mi nilijifunza hii baada ya miezi kadhaa ya kuchora kila kitu pembeni pembeni huko na kupiga hesabu za kutoa kichwani.

Matundu ya mota sasa. NEMA 17 ina matundu manne kwenye mraba wa milimita 31 kwa 31, ya bolti za M3 (unene milimita 3). Usiyapime tundu moja moja kutoka ukingoni. Chora mraba wa mistari ya msaada (ile ambayo haikatwi, ipo kwa ajili ya kukuongoza tu) wa 31, uweke katikati ya sifuri, kila kona tupia duara, alafu uiambie maduara yote manne ni sawa. Kipimo kimoja cha kipenyo yanabadilika yote. Siku ukigundua yamekuwa madogo unabadilisha namba moja na sio nne.

RAM 4GB kwa pleti na braketi itasukuma tu, fungua hiyo programu peke yake usiwe na brauza imejaa tabo ishirini pembeni.

---

mzee_wa_dxf

Mimi nitatofautiana kidogo na kijana hapo juu. Vijana mnakimbilia 3D mnasahau mchoro ni lugha. Mtu ambaye hajui kutazama kitu kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni akapata picha kichwani, hata umpe programu gani atakuwa anasukuma sukuma mabonge tu. Mimi nilianzia kwenye ubao wa kuchorea na rula ya T, ukikosea unakwangua wino kwa wembe, baadae ndo tukahamia AutoCAD, ambayo ilitoka mwaka 1982 na kazi yake kubwa ilikuwa ni ule ule ubao kuuhamishia kwenye skrini.

Ushauri wangu pakua LibreCAD. Ni ya bure, ni 2D tupu, nyepesi, kwa 4GB haitakusumbua hata kidogo. Kama sehemu zako nyingi ni pleti bapa za kukatwa na leza au kukatwa kwa msumeno, hauhitaji 3D. Unachora, unahifadhi DXF (faili la mchoro ambalo mashine ya leza inalisoma), unapeleka, kazi imeisha. Na kwa kuwa tayari una mkono wa penseli utaizoea siku moja.

---

kodi_na_kalamu

Kama kuna mtu humu anajua hata kidogo kuandika kodi ajaribu OpenSCAD, huchori kitu, unaandika. Mchemraba wa vipimo hivi, toa silinda ya kipenyo hiki, kwisha. Mimi mausi inanishinda kabisa, hii ndo iliniokoa. Ila kuviringisha kona ndo kipengele chake, utalia.

---

mchoraji_usiku

Shikamoo mzee wa dxf, na asante kwa wote. @Beringi608 nimejaribu hiyo ya katikati ya sifuri IMEKUWA KIJANI nimepiga kelele nyumba nzima imeamka. Yaani ni vitu vinne tu kweli.

Ila sasa nimechanganyikiwa kidogo maana hoja ya mzee nayo inaniingia akilini. Na kuna jamaa kaniambia achana na vyote tumia vile vya kwenye brauza havihitaji kupakua.

---

Beringi608

Marahaba unastahili wewe mzee sio mimi haha, ila kwa heshima yote, hicho kimashine hakiishii kwenye pleti bapa. Kina braketi ya L inayoshika mota na nguzo mbili za beringi, na kilichokuwa kigumu hapo ni kimo. Katikati ya shafti ya mota na katikati ya beringi zote mbili lazima viwe kimo kimoja, ikipishana hata milimita moja fimbo itakuwa inajikunja kila mzunguko na utasikia mlio. Kwenye 2D unakibeba hicho kimo kichwani kwenye michoro mitatu tofauti. Kwenye FreeCAD unafungua jedwali, kuna mahali pa kuweka jedwali kama lile la hesabu, unaandika kimo cha shafti 40, alafu kwenye braketi na kwenye nguzo unaandika jina la ile seli badala ya namba. Ukiamua koili iwe kubwa zaidi na kimo kiwe 55, unabadilisha seli moja sehemu zote tatu zinakua pamoja. Hiki ndo mi kilinifanya nisirudi nyuma.

Ila mzee yuko sahihi kwenye jambo moja na sitabishana nalo, anza na karatasi. Mimi mpaka leo sifungui programu kabla sijachora kwa mkono ule mtazamo wa mbele na kuandika vipimo vyote juu yake. Kwenye skrini unanaswa na vitufe unasahau unachounda.

Za kwenye brauza ni hivi. Tinkercad ni rahisi mno, mtoto anaiweza, unachukua mabonge unayaunganisha na kuyatoboa, lakini ile ya masharti na majedwali haina, ukitaka kubadilisha kipimo baadae unasogeza sogeza upya. Kwa kitu cha siku moja inafaa sana. Onshape ni kamili, parametriki kabisa, ila kwenye mpango wa bure michoro yako yote inaonekana na watu wote duniani, na matumizi ya biashara hairuhusiwi. Kwa kimashine cha koili sidhani kama kuna mtu atakuibia. Fusion nayo ina leseni ya bure ya matumizi binafsi, ya kuinstoli, inakuwekea kikomo cha faili 10 za kuhariri kwa wakati mmoja nyingine unaziweka pembeni, na kwa 4GB utazeeka ukisubiri ifunguke. FreeCAD haikuulizi chochote. Ilikuwa na ugonjwa wake wa miaka, ukibadilisha kitu cha mwanzo kinavuruga vya mbele yake kwa sababu inasahau uso upi ni upi, toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limepunguza hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwahiyo ukikuta video za zamani watu wanalalamikia hilo angalia ni toleo gani wanalotumia.

---

mama_vernia

Mwanangu mchoraji, wote wanakushauri programu, mimi naomba nikuulize, una kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo? Mchoro wako utakuwa wa kijani vizuri na kitu hakitaingia. Nunua kalipa ya vernia au ya dijitali kabla ya kitu kingine chochote, na upime kila unachokishika mkononi, usiamini namba ya kwenye mtandao pekee yake.

Beringi ya 608 ni tundu 8, nje 22, unene 7. Hizo ni za uhakika, beringi zinatengenezwa kwa usahihi mkubwa. Lakini ukichora shimo la 22 kamili ukaliprinti, beringi haitaingia. Printa ya plastiki inatoa mashimo madogo kidogo kuliko ulivyochora, kwa kuwa plastiki inasinyaa na mstari unavyopinda inavutwa ndani. Kwa kiasi gani? Kila printa ina tabia yake. Kwahiyo usiprinti nguzo nzima, chora vipete vinne vyembamba, unene wa milimita 3 vinatosha, kimoja shimo 22.0, kingine 22.1, 22.2, 22.3, uvipe alama usije ukavichanganya. Unajaribu beringi kwenye kila kimoja. Kile kinachoingia kwa kusukuma na kidole gumba kwa nguvu, hicho ndo kipimo chako kwa printa ile na plastiki ile. Kiandike ukutani.

Bolti ya M3 vilevile, usichore tundu la 3. Tundu la kupita bila kubanwa ni 3.4 kwa kawaida, au 3.2 ukitaka lisicheze sana. M4 ni 4.5 au 4.3. Ukitaka bolti ijikate njia yenyewe kwenye plastiki ndo unashuka, 2.5 kwa M3, na hiyo ndo drili ya kutangulizia kwa tepu ya M3 (kifaa cha kukatia nyuzi za bolti) hata kwenye chuma.

Na kuviringisha kona acha mpaka mwisho kabisa. Watoto wangu wa karakana hukimbilia urembo mapema, wakija kubadilisha unene wa pleti kila kitu kinavunjika.

---

mchoraji_usiku

Mama asante sana, kalipa nimeazima kwa jirani. Nitaleta mrejesho.

---

mchoraji_usiku

Wakuu nimerudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Nilibaki na FreeCAD. Vile vipete vya mama nimeviprinti, kwangu 22.2 ndo imekaa, 22.1 niligonga na nyundo ikapasuka na 22.3 beringi inadondoka yenyewe. Nguzo zote mbili zimetoka sawa kwa mara ya kwanza siamini. Ile jedwali ya kimo nimeiweka, nilianza na 40 nikapandisha 48 ikafuata yenyewe nikabaki naitazama tu kama mtu aliyeona maajabu.

Kilichonitesa ni braketi ya mota. Matundu manne yako sawa kabisa bolti zinaingia, ila mota haikai bapa, inainuka. Nimehangaika jioni nzima nadhani printa imepinda. Kumbe mota ile mbele ina kisahani kinatokeza, duara limezunguka shafti, mi nimetoboa tundu la 10 katikati la kupitisha shafti tu!! Nimepima na kalipa, kipenyo 22 na kimetokeza kama milimita 2. Nikaongeza 0.4 kwenye tundu, nikaprinti upya, imekaa kama imezaliwa pale.

Swali lingine, braketi ya kwanza ilipasuka pale kwenye kona ya L nilivyoibana kwenye ubao. Unene ni 5. Niongeze unene au?

---

mama_vernia

Pole, hicho kisahani kimewakamata wengi. Ndo maana nikasema upime kila unachokishika. Na bahati yako ni 22 kama beringi, kwahiyo kipimo chako cha ukutani kinakuelekeza hapo pia, ukiongeza kidogo ili kisibane.

Unene usiongeze. Umeiprinti imelazwaje?

---

mchoraji_usiku

Imesimama kama L ilivyo, mguu mmoja chini kwenye kitanda, mwingine juu.

---

mama_vernia

Ndiyo jibu lako. Printa inapanga tabaka juu ya tabaka na tabaka haziungani kwa nguvu sawa na plastiki iliyo nzima, kwahiyo umeweka mpasuko tayari pale pale kwenye kona inapovutwa. Ilaze ubavu, ili L yenyewe ichorwe na kila tabaka kutoka mguu mmoja mpaka mwingine bila kukatika. Alafu kwenye mchoro ongeza mbavu ya pembetatu kila upande wa ndani, milimita 4 tu, uone tofauti. Na plastiki ni ipi? Kama ni PLA, ile plastiki ya kawaida ya kuprinti, angalia mota yako isiwe inachemka, PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi na stepa ikishikilia umeme muda mrefu inafika huko bila shida. Punguza mkondo kwenye driva (saketi inayoendesha mota) au tumia PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi.

---

Beringi608

Naongezea kadogo, kwenye asembli (kupanga sehemu zote pamoja kwenye skrini) tatizo kama lile la kisahani unaliepuka kwa kuchora mota yenyewe. Usiichore kwa urembo, boksi la 42.3, kisahani, shafti ya 5, basi. Unaiweka juu ya braketi kwenye skrini unaona inagonga wapi kabla ya kuprinti. Na hapo utakumbuka shafti ya mota ni 5 na fimbo yako ni 8, una kapla (kiunganishi cha shafti na fimbo) ya 5 kwa 8? Iachie nafasi, watu wengi huisahau nguzo inakuja karibu mno.

Na kwa jamaa wa printa mtumie faili la STL, ila nyumbani kwako weka faili la FreeCAD lenyewe, na ukimpa mtu mwingine wa kuendelea kuchora mpe faili la STEP, linalobeba umbo lenyewe na programu nyingi zinalifungua. STL ni pembetatu tupu, kipenyo cha shimo hakimo humo, na wala haina habari kama ni milimita au inchi.

---

mchoraji_usiku

Kapla ninayo, nafasi sikuiacha 😅 naongeza sasa hivi kwenye jedwali.

Mzee wa dxf sijakusahau. Pleti ya chini nimeamua iwe ya plaiwudi ikatwe na leza, ni bapa tu ina matundu, 80 kwa 220. Nimetoa DXF kwenye FreeCAD nikampelekea fundi wa leza, akanipigia simu ananiuliza kama najenga mlango. Anasema upande mfupi kwake unasoma 2032. Nimefungua kwangu ni 80. Hapo nini kimetokea?

---

mzee_wa_dxf

Gawanya 2032 kwa 80 kijana wangu.

---

mchoraji_usiku

25.4. Dah. Inchi.

---

mzee_wa_dxf

Programu yake imesoma 80 zako kama inchi, faili halikumwambia ni nini. Hata ukiweka milimita kwenye mipangilio yako, usitegemee hilo. Mwambie achague milimita wakati wa kufungua. Na kila DXF unayoitoa, pembeni ya kazi chora mraba wa 10 kwa 10 na uandike kwa herufi kwamba huu ni milimita 10. Akifungua akaona mraba sio 10 anajua kabla hajawasha leza. Anaufuta, anakata.

---

mchoraji_usiku

Nimeuweka mraba. Anakata kesho asubuhi, nikifunga kila kitu nitaleta picha.